Kadi Niliyompelekea Mnyamwezi

Alhamisi, 1 Septemba 2011

Nimeloweka kunde. Nimekunja nguo za Zuhura za kazini, zile nyeupe za nyumba ya wazee. Binti yangu anaogesha wazee wa watu kutwa, akirudi ananikataza mimi kunyanyua ndoo. Nyoo! Ndoo nimeinyanyua kabla hajazaliwa.

Idi imepita juzi. Mdomo bado una utamu wa tambi. Asubuhi ukungu ulipanda hadi ghorofa yetu ya tisa, mtaa wetu wa Malvern wote ukapotea. Weupe tu, na juu ya weupe ndege zinateremka moja moja kwenda kutua. Nilikaa dirishani nikidhani ule ni moshi wa tanuru la mkaa, niko Kisarawe, na mtu atanipigia hodi sasa hivi. Chai ikafurika jikoni. Nikajitukana mwenyewe.

Naandika ili mkono usisahau. Herufi nilizijua ukubwani, darasa la ngumbaru, Zuhura yuko mgongoni. Sitaki zinipotee kwenye nchi ya baridi.

Ligi inaanza wiki ijayo. Siyo ile ya vyuo vikubwa. Hii ni ya vyuo vidogo, kundi letu lina sita tu, na wenyeji wa Toronto wenyewe hawavijui. Sisi tunavijua. Mjukuu wangu Sefu ni beki wa kulia, jezi ya kijani.

Mchana nilikwenda dukani kwa Bwana Sadru. Yeye ni Mhindi wa Mwanza, Ismailia, anauza unga, nazi za kopo na kadi za simu. Karibu na magunia ya mchele ameweka viti vinne vya plastiki. Hapo ndipo bunge letu. Yeye, mimi, Papa Amisi wa Uvira kule Kongo, na yule Mnyamwezi.

Mnyamwezi ni Mzee Maganga. Jengo lake linatazamana na letu. Mjukuu wake Shija anachezea chuo kingine cha kundi hilohilo, jezi nyekundu, winga wa kushoto. Maana yake siku wakikutana, Shija anakuja moja kwa moja kwa Sefu. Mungu anapenda mchezo.

Nilipoingia tu akasema, "Sadru, ficha nazi. Mzaramo kaja."

Nikamwambia anipishe, wapagazi hukaa nje na mizigo.

Siku yangu ikawa nzuri.


Jumapili, 4 Septemba

Zuhura ananiuliza kwa nini tunatukanana mbele za watu. Amelelewa Dar es Salaam lakini baridi imemkausha kichwa. Nimemweleza tena. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Ni tangu enzi za misafara, wao wakibeba mizigo kuja pwani, sisi tukiwapokea. Mtani anakutukana, na humkasirikii. Anakutania hata msibani. Hasa msibani.

Baba yake Zuhura alipofariki hapa hapa Toronto, Mzee Maganga alilala chini mlangoni, na koti lake zuri. Akasema maiti ya Mzaramo haitoki mpaka apikiwe ugali. Dereva wa gari la maiti, Mzungu, akatoa simu apigie polisi. Mimi nilikuwa sijasema neno tangu jana yake. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaweza kulia.

Wengine wote siku ile waliniletea maneno mazuri. Sikumbuki hata moja.


Jumamosi, 10 Septemba

Mechi ya kwanza. Kijani wameshinda bao moja bila. Wapinzani ni wale wa kando ya ziwa, wana kipa mrefu lakini mzito kuinama.

Nilikaa na blanketi magotini. Joto lilikuwepo, ila siyaamini majira ya huku. Mabata bukini walipita juu ya uwanja wakipiga kelele, kundi zima, shingo mbele. Wachezaji wote wakatazama juu. Hata refa. Kwa muda kidogo mpira ulibaki peke yake kwenye majani, na kila mtu chini anatazama mbinguni. Nikawaza, hivi ndivyo itakavyokuwa Siku ya mwisho, watu na jezi zao.

Halafu refa akakumbuka kazi yake.

Sefu alicheza vizuri. Haogopi. Akienda kwenye mpira anakwenda na mguu wote, kama babu yake alivyokuwa akiingia kwenye maneno ya watu. Nilimpigia kelele kwa Kizaramo. Wazazi wa Kikanada walinitazama, wakatabasamu. Nchi hii ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anasema sori.

Wekundu nao wameshinda. Mabao matatu, Shija kafunga moja. Mzee Maganga alinipigia simu kuniambia hivyo tu, akakata kabla sijajibu. Mshenzi.


Jumanne, 13 Septemba

Bunge dukani. Bwana Sadru kabandika karatasi ya msimamo karibu na mizani. Ligi bado mbichi, mechi moja moja, wao wanazungumza kama kombe limeshapakwa dhahabu.

Papa Amisi hana mtoto kwenye ligi hii, ndiyo maana anajiona mwamuzi wetu sote. Anasema ekipe ya Shija iko na mbio lakini nyuma hakuna mtu. Ekipe ya Sefu iko na ukuta lakini mbele wanalala. Kwa hiyo Jumamosi, anasema, itakuwa sufuri kwa sufuri, "na ninyi mama mutalia bure."

Bwana Sadru anaogopa wale wa kaskazini, wenye kocha mnene. Anasema wana mchezaji kutoka Ghana ambaye haonekani kama mwanafunzi, anaonekana kama baba wa wanafunzi.

Mzee Maganga alikuwa anakunywa chai yangu. Yangu, siyo yake. Halafu akasema beki wa Kizaramo hana shida. Unapeleka mtu mmoja nje ya uwanja apige ngoma. Beki ataacha goli wazi akacheze.

Papa Amisi alimwaga chai puani.

Nikatoka pale nimejaa kicheko. Nilitembea polepole nyumbani, jua limelala kwenye madirisha ya majengo, kila dirisha lina moto wake mdogo. Sikutaka kufika.


Ijumaa, 16 Septemba

Kesho kijani na wekundu.

Nilikwenda dukani kwa ajili ya hilo tu. Vitunguu nilikuwa navyo. Nikasimama mlangoni, nikamwambia Mzee Maganga mbele ya wateja, "Leo mpikie mjukuu wako uji wa mtama. Kesho beki wangu anamrudisha kwako kwenye machela."

Wakacheka. Yeye alicheka kuliko wote. Akasema ataiazima hiyo machela anibebee mimi nikizimia kwa kufungwa.

Nimelala mchana nimeota uwanja umeota mihogo. Mirefu, majani yanagusana juu. Wachezaji wanapita katikati, nasikia sauti zao, siwaoni. Kila ninapoita Sefu anaitika mwingine.


Jumamosi, 17 Septemba

Shija amevunjika mguu.

Ilikuwa kabla ya mapumziko. Mpira uliruka kati yao wawili, si wa huyu si wa yule. Wote wakaenda. Nilisikia mlio. Muhogo mkavu ukivunjwa gotini ndivyo unavyolia. Refa hakupiga faulo. Hata Papa Amisi anasema haikuwa faulo. Sefu alipiga magoti pale pale, mikono kichwani, na Shija chini anatazama mbingu kama mtu anayesoma kitu.

Halafu machela ikaja. Wawili wameishika, wanakimbia nayo kwenye majani. Neno langu linakuja na miguu yake.

Mzee Maganga alikuwa upande wa pili wa uwanja. Hakukimbilia mtoto kwanza. Alinitazama. Alinitazama kitambo. Mimi nikainamisha kichwa, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nimerudi nyumbani. Ulimi wangu umemvunja mtoto wa watu.


Jumapili, 18 Septemba

Sefu hali chakula. Amejifungia. Anasema na Shija kwa simu, nawasikia, Kiingereza chao kile cha kumung'unya. Shija hana kinyongo. Vijana wameshamalizana. Sisi je?

Nilitaka kwenda hospitali. Zuhura kasimama mlangoni. Kasema, "Mama, safari hii funga mdomo. Watu wote dukani walikusikia. Hapa siyo Kisarawe, hapa watu wanashtakiana. Ukienda kule na utani wako watakufukuza walinzi."

Siku nyingine ningemwambia nani mama na nani mtoto. Leo sikuwa na nguvu. Niliogopa. Naandika hivyohivyo. Niliogopa kufungua mdomo mbele ya mguu ule.

Zuhura kanunua kadi. Ua la samawati nje, ndani maneno yameshachapwa. Nchi hii hata huzuni inauzwa imeshapikwa. Chini yake kaandika kwa Kiswahili: Tunasikitika kwa yaliyotokea na tunaomba radhi. Tunamtakia mjukuu wako nafuu ya haraka. Mimi nikaweka jina langu. Nililiandika vizuri, kila herufi imesimama.

Kaipeleka na maua, kayaacha mapokezi. Nikapumua. Nikajiona mtu mstaarabu.


Jumatano, 21 Septemba

Kiti cha Mzee Maganga kitupu.

Bwana Sadru anasema Shija kapasuliwa, katiwa chuma kwenye muundi. Atatembea. Atacheza pia, lakini siyo mwaka huu. Alhamdulillahi.

Papa Amisi alijaribu kuzungumzia msimamo. Kijani wa pili, wekundu wa tatu, wale wa kaskazini wanaongoza na baba yao wa Ghana. Hakuna aliyempinga. Mechi bila wa kukupinga ni kama chai bila majani. Akabaki kuhesabu vidole vyake.

Hakuna aliyeniita Mzaramo leo.


Jumamosi, 24 Septemba

Kijani wametoka sare. Ilibidi washinde. Sefu anaogopa mguu wake mwenyewe. Mpira ukija kati yake na mtu anaurudisha nyuma, anampisha, kama yuko mlangoni mwa benki. Kocha alimtoa mapema.

Miti ya kando ya uwanja imeanza kugeuka. Mmoja mwekundu kabisa, mingine bado. Upepo ukipita ule mmoja unaonekana unawaka na hauungui. Niliutazama kuliko mpira.

Mzee Maganga hakuja. Mechi ya kijani huwa hakosi, anakuja kuwashangilia wapinzani wetu.


Jumatatu, 26 Septemba

Nimekutana naye kituo cha basi. Amebeba mfuko wa dawa. Amekonda.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Siku zote hizi nimeyaandaa, ya pole, ya adabu. Sikuhitaji. Alivua kofia. Akasema, "Habari za asubuhi, Mama Zuhura. Watoto hawajambo?"

Mama Zuhura. Mtu huyu miaka yote ananiita mtumwa wangu, mla nazi, mke wa ngoma. Leo nina watoto hawajambo.

Nikasema hawajambo. Akasema asante kwa kadi, ilikuwa nzuri. Basi likaja, akanipisha nipande kwanza. Akakaa mbali.

Nilipita kituo changu. Niliendelea kukaa tu, basi linazunguka, mitaa ambayo sijawahi kuiona inapita dirishani, nyumba, nyumba, bustani, mtu anafagia majani. Dereva akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwonyesha kwa kidole nyuma, tulikotoka. 


Jumanne, 27 Septemba

Nimepika pilau. Nyama ya mbuzi, siyo kuku. Nimempa Sefu aipeleke. Zuhura anasema vizuri mama, hivyo ndivyo.

Nimeweka na kijikaratasi cha pole. Kama kadi haikutosha, iongezwe.


Alhamisi, 29 Septemba

Bakuli limerudi. Kalileta Bwana Sadru. Limesuguliwa mpaka linang'aa, ndani kuna leso safi imekunjwa na neno la asante sana.

Limerudi kama bakuli la mgeni. Nimelitazama mchana kutwa. Kumbe mtu anaweza kukupiga na bakuli bila kulirusha.

Nimemgombeza Zuhura kwa sababu ya chumvi. Chumvi ilikuwa sawa.


Ijumaa, 30 Septemba

Leo nimeambiwa.

Baada ya sala nilikwenda dukani, nikakuta Bwana Sadru peke yake anapima dengu. Nikamuuliza bila kuzunguka. Mnyamwezi ananichukia kwa sababu ya mguu?

Alipima mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Arre, mama. Mguu gani? Anakuchukia kwa sababu ya kadi."

Nikadhani hajasikia swali.

Akaniambia yote. Mzee Maganga alipofika hospitali alimwambia muuguzi, atakuja bibi mmoja mfupi, ana kelele, atatutukana sana, mruhusuni aingie, huyo ni dawa. Alimwambia na Shija. Mtoto ana maumivu, anauliza, babu, bibi mtani anakuja lini? Kiti cha kando ya kitanda hakumpa mtu. Pasta wa kanisa lao kasimama, Papa Amisi kasimama. Kiti cha Mzaramo.

Halafu ikaja kadi. Akaisoma, akaiweka mezani kifudifudi. Akamwambia Sadru, "Watu wa bima nao wameniletea kama hii. Mtani wangu kafa, na mimi sikuitwa kuzika."

Sadru akasema, "Sisi Wahindi hatuna mambo haya, mama. Lakini kadi ile hata mimi nisingeituma."

Nimetoka bila kununua kitu. Nilikaa ukutani nje ya duka, watu wanapita na mifuko. Sasa najua alinitazama kwa nini pale uwanjani. Alikuwa anangoja. Mtoto yuko chini, moyo umemtoka, akatafuta mtani wake aseme neno. Nami nikachungulia mkoba.


Jumamosi, 1 Oktoba

Siendi.

Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka miwili. Nimepika mbuzi. Nimeweka jina langu kwa herufi nzuri. Mtu mzima anasusa kama mwari. Alijuaje mimi ninavyoumia? Aliuliza?

Kijani wanacheza mbali leo. Sikuwafuata. Nimekaa dirishani. Jengo lake lile pale, naliona lote, sijui dirisha lipi. Mvua nyembamba, haina sauti. Taa zinawaka mapema. Nilijaribu kufikiri jumba hili bila yule mzee ng'ambo. Lilibaki jumba tu. Saruji na lifti. Sina mtu mwingine hapa anayejua kwamba mimi ni Mzaramo. Wengine wanajua mimi ni bibi.

Zuhura kaleta chai. Kaniuliza mama unalia? Nimemwambia nenda kapige pasi.


Jumapili, 2 Oktoba

Nimekwenda.

Nilipigilia kilemba, nikavaa viatu vyangu vya Idi, vyeusi vyenye kifungo. Zuhura akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia kutukana. Akanifungulia mlango. Amejifunza.

Kwenye lifti ya jengo lao nilinyoosha kilemba kama bibi harusi. Nikagonga. Akafungua mwenyewe. "Karibu, Mama Zuhura." Nikavua viatu mlangoni, nikaingia.

Shija kalala kwenye kochi, mguu juu ya mito. Mtoto kapungua uso. Nikasimama katikati ya sebule, nikashika kiuno. Nikasema kwa sauti, "Nimesikia kuna punda wa Tabora kalazwa. Ajabu! Punda akiumia mguu mmoja si anayo mingine mitatu? Simama ubebe mizigo!"

Shija alicheka. Yeye Kiswahili anakisikia, kukijibu ndiyo kazi. Alicheka mpaka akashika paja, akasema aah bibi, aah, inauma. Nikaona machozi, sijui ya nini.

Babu yake hakucheka.

Alinipa kiti kizuri, chenye mto. Akanipa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Akaniuliza kuhusu Zuhura, kuhusu kazi, kuhusu mvua. Kila swali limefuliwa na kunyooshwa. Nikatukana tena, mara mbili. Yalianguka zuliani, hakuna aliyeyaokota.

Mwisho nikaweka kikombe. Nikasema wazi. Nikamwambia niliogopa, ulimi wangu ulitangulia machela, nikadhani nikiufungua tena utaua. Kwa hiyo nikaazima ulimi wa Zuhura.

Akageuza uso. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wa mahali fulani, sauti imezimwa, watu wadogo wanakimbia kwenye kijani. Akasema, "Nilikutazama pale uwanjani."

Nikasema, "Nilikuona."

Basi.  Jua la jioni liliingia, likakaa kwenye kidevu chake ambacho hakijanyolewa. Nikaona nimefika mwisho wa kazi yangu. Nikamuaga Shija. Mzee akasema asante kwa kuja. Hakuinuka kunisindikiza. Nikasema moyoni, haya, Mwajuma, umemzika mtani wako kwa mkono wako.

Nikafika mlangoni. Viatu hakuna.

Niliinama. Nikatazama nyuma ya mlango, chini ya makoti. Viatu vya Shija vipo, kandambili zipo, ndala za mzee zipo. Vyangu hakuna. Nikakumbuka kwamba alipokwenda kuongeza maji ya chai alichelewa.

Nikaita, "Viatu vyangu viko wapi?"

 Kikohozi. Kisha sauti yake kutoka sebuleni, taratibu, kama mtu anayesoma gazeti: "Tangu lini mtumwa akavaa viatu?"

Nilishika ukuta.

Mtu anayekuheshimu hagusi viatu vyako. Anayekuheshimu anakusindikiza hadi lifti. Mtani ndiye anachukua, na huna pa kushtaki.

Nimerudi na soksi. Nimepita lifti, nimepita njia ya magari, nimepita majani yaliyolowa, baridi inapanda miguuni hadi magotini. Mama mmoja Mzungu akasimama, akaniuliza kama niko salama, kama aite mtu. Nikamwambia sori. Ndilo Kiingereza lililokuja. Nilikuwa nacheka, sidhani alielewa.

Zuhura kaona soksi. Kafungua mdomo, kaufunga. Kaniletea beseni la maji ya moto.


Jumanne, 4 Oktoba

Dukani. Viti vinne, watu wanne. Bwana Sadru anauliza viatu vyangu viko wapi, nimevaa vya Zuhura, vinabana. Mzee Maganga akajibu kwamba ameviweka rehani mpaka kijani wafungwe. Papa Amisi akasema basi mama utatembea hivyo mpaka Noeli, wale hawafungwi, wanatoka sare tu. Nikamwambia ale kashata anyamaze.

Wamebishana kuhusu yule baba wa Ghana mpaka Bwana Sadru akasahau kuwahudumia wateja.


Jumamosi, 8 Oktoba

Kijani nyumbani. Joto la ajabu limerudi, watu wamevua makoti. Shija kaja na magongo, kakaa nyuma ya goli na wenzake. Mzee Maganga kaketi kando yangu, kanikalia na blanketi.

Mapema tu mpira ulianguka kati ya Sefu na mtu. Alisita. Shija akampigia ukelele kutoka nyuma ya goli, neno la Kiingereza ambalo sitaliandika. Sefu akaenda. Mguu wote. Akautoa mpira safi, yule mtu akaruka juu yake, akaendelea kukimbia, mzima.

Hapo nikaegemea. Jua kwenye kope. Sauti zikawa mbali, kama watu wanaoga mtoni, firimbi, kicheko, mtu anaita jina. Nikalala. Sijawahi kulala mpirani.

Nilipoamka uwanja ulikuwa mtupu. Wavu unapepea kidogo. Blanketi lote liko kwangu. Mzee Maganga kakaa palepale, mikono magotini, anatazama majani.

"Mmefungwa," akasema.

Sikumuuliza ngapi, wala habari ya viatu. Tulikaa.